Kumfaa Bwana: mwongozo kamili wa kujiandaa kwa utumishi

Mkristo akisema anataka kumtumikia Mungu, swali la kwanza analoulizwa ni, "Una karama gani?" Unaimba? Unapiga kinanda? Unaweza kusimama mbele za watu ukafundisha? Si swali baya, ila limekuja mapema mno. Fungua 1 Timotheo 3:2-7, mahali panapoelezwa mtu wa kukabidhiwa uangalizi wa kanisa, uhesabu mwenyewe. Asiyelaumika, mwenye kiasi, mwenye busara, mtu wa utaratibu, mkaribishaji, mpole, asiyependa fedha, asiye mgomvi. Katika orodha yote hiyo kipawa cha kazi ni kimoja tu: ajue kufundisha. Mengine yote ni namna mtu anavyoishi siku za kawaida. Kwa mashemasi, katika mistari inayofuata, hata hicho kimoja hakitajwi.

Kuna neno la Kigiriki, euchrestos, ambalo limetumika mara tatu tu katika Agano Jipya lote. Maana yake ni "wa kufaa". Mara ya kwanza ni 2 Timotheo 2:21, kwa chombo cha nyumbani kilichosafishwa, "kimfaacho Bwana". Mara ya pili ni 2 Timotheo 4:11, juu ya Marko: "maana anifaa kwa utumishi." Mara ya tatu ni Filemoni 11, juu ya Onesimo, mtumwa "ambaye zamani alikuwa hakufai, bali sasa akufaa sana".

Ukiwatazama hao watatu kwa pamoja utaona kitu. Chombo kilihitaji kusafishwa kwanza. Marko aliwahi kuiacha kazi njiani. Onesimo hakufaa kitu, na Paulo, mwandishi wa barua hizo, hafichi hilo. Hakuna hata mmoja aliyeanza akifaa, na hakuna aliyejitangaza kuwa anafaa. Mwingine ndiye aliyesema. Mwongozo huu unafuata njia hiyo: kufaa hutengenezwa, na wa kuthibitisha kwamba umefaa si wewe.

Hatua ya 1: Safisha kabla ya kujaza

Tafuta saa moja, karatasi na kalamu, simu iwe mbali. Andika majibu ya maswali matatu. Kwanza, ni nani ambaye akiniona nimesimama mbele ya kanisa atanung'unika moyoni, na ana sababu? Pili, ni deni gani ninalolikwepa, liwe la fedha, la ahadi au la msamaha ambao sijauomba? Tatu, ni jambo gani ninalolifanya ambalo likijulikana litalitia aibu jina la Kristo?

Usiandike kwa mafumbo. "Nina shida ya hasira" haikusaidii kitu. "Nilimfokea mke wangu mbele ya watoto Jumanne na sijamwomba radhi" inakuonyesha pa kuanzia.

Kisha anza na swali la kwanza. Katika Mathayo 5:23-24 Yesu anazungumza na mtu ambaye tayari yuko madhabahuni, sadaka mkononi, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Anaambiwa aiache sadaka hapo hapo, aende akapatane kwanza. Angalia vizuri: mwenye kinyongo ni yule ndugu, lakini anayetumwa kwenda ni mwenye sadaka. Kwa hiyo usingoje ufuatwe. Nenda, sema kosa lako bila kuongeza "lakini na wewe", kisha nyamaza. Asipokubali, umefanya sehemu yako. Usimfuatilie kila wiki ukidai akusamehe ili uanze huduma.

Deni la fedha si lazima liishe ndipo utumike. Lazima lianze kulipwa, na mwenye kudai ajue mpango wako.

Jambo la tatu ndilo zito. Kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayepambana na dhambi na mtu anayeificha. Wa kwanza anaweza kutumika huku akisaidiwa, maana hakuna mwingine wa kutumika. Sote tuko hapo. Wa pili akipewa kazi atapata pazia zuri zaidi la kujifichia. Ikiwa jambo lako limeshageuka tabia, mtafute Mkristo mmoja aliyekomaa, anayejua kutunza siri, umweleze, kama Yakobo 5:16 inavyoagiza. Akikuambia usubiri miezi kadhaa, subiri.

Nia nayo ichunguzwe, ila kwa kiasi. Wapo wanaosubiri nia yao itakate kama maji ya mvua ndipo washike ufagio, na mpaka leo hawajaushika. Ukigundua unapenda kusifiwa, kiri mbele za Mungu, chagua kazi isiyoonekana, endelea.

Hatua ya 2: Waache wengine wakuseme

Nyani haoni kundule, na wala si kosa lake. Ndiyo maana wale saba wa Matendo 6, waliochaguliwa wakati wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walipokuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, hawakujaza fomu za kujieleza. Mitume waliliambia kusanyiko liwatafute watu "walioshuhudiwa kuwa wema". Kazi yenyewe ilikuwa kugawa chakula. Hata hivyo walitakiwa wawe wamejawa na Roho na hekima, kwa sababu kugawa chakula kati ya makundi mawili yanayonung'unikiana kunahitaji yote mawili.

Watafute watu watatu. Mmoja awe wa nyumbani mwako, kwa kuwa 1 Timotheo 3:5 inauliza waziwazi: asiyejua kuisimamia nyumba yake, atalitunzaje kanisa la Mungu? Wa pili awe mtu wa kazini au jirani asiye wa kanisa lako, kwa sababu mstari wa 7 unataka ushuhuda wa walio nje. Wa tatu awe mtu mliyewahi kukosana mkapatana. Rafiki wa karibu mwache. Atakuvika kilemba cha ukoka.

Uliza maswali yanayojibika. "Nikiahidi kitu, huwa unakaa kwa amani au unajiandaa kukumbusha?" "Nikikosolewa, uso wangu huwaje?" "Kuna jambo ungeogopa kuniambia?" Hilo la mwisho lina uzito kuliko mengine. Mtu anayeogopwa kuambiwa ukweli na watu wake mwenyewe hajawa tayari kuongoza hata kikundi cha watu watano.

Usijitetee wakati wanazungumza. Andika, shukuru, rudi nyumbani. Ukijikuta unaeleza kwa nini si kweli, hapo umeshajibiwa swali la pili.

Hatua ya 3: Omba kazi ndogo yenye muda

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Usiombe cheo. Nenda kwa mchungaji au mzee wa kanisa ukamwambie, "Naomba kazi ndogo kwa miezi mitatu, kisha uniambie umeonaje." Sentensi hiyo fupi inampa yeye uhuru wa kusema hapana na inakupa wewe mahali pa kupimwa. Mashemasi nao, kwa 1 Timotheo 3:10, hujaribiwa kwanza ndipo waihudumu kazi yao, na mstari wa 6 unakataza aliyeongoka karibuni asipewe uangalizi, asije akajivuna.

Kazi yangu ya kwanza kanisani ilikuwa kutunza ufunguo. Nilijiona nimedharauliwa kidogo, maana nilidhani najua kufundisha. Jumamosi moja nililala, kwaya ikasimama nje saa nzima. Hakuna aliyenikemea. Wiki iliyofuata ufunguo wa pili ulichongwa, akapewa dada mmoja aliyekuwa hafundishi popote, na hakuna aliyenieleza kwa nini. Ilinichukua karibu mwaka mmoja kabla sijaaminiwa kitu kingine.

Katika miezi hiyo mitatu jipime kwa mambo ya wazi: umefika kabla ya muda mara ngapi? Uliposhindwa kuja, ulitoa taarifa mapema au ulituma ujumbe wakati watu wameshaketi? Ulimaliza kazi mpaka mwisho, pamoja na kurudisha viti? Luka 16:10 inasema aliye mwaminifu katika lililo dogo sana huwa mwaminifu katika lililo kubwa pia. Tunaupenda mstari huu tukiwaza lile kubwa linalokuja. Sehemu yenye kazi ni lile dogo.

Hatua ya 4: Weka uzio kwenye fedha

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watumishi wengi walioanguka hawakupanga kuiba.

Soma 2 Wafalme 5 hadi mwisho, usiishie pale Naamani, jemadari wa Shamu, anapotakasika ukoma wake. Nabii Elisha amekataa zawadi yake. Gehazi, mtumishi wake, anamkimbilia Naamani na kumwambia kwamba wamefika vijana wawili wa wana wa manabii, wapewe talanta moja ya fedha na mavazi mawili. Talanta moja ina uzito wa zaidi ya kilo 30. Naamani anamsihi achukue mbili. Gehazi hakusema "nipe mimi." Aliomba kwa jina la wageni wenye uhitaji, kwa sauti ya huduma, na kwa mtu mwenye moyo wa shukrani ambaye asingeuliza maswali. Hivyo ndivyo inavyokuwa mara nyingi: fedha hukosewa kwa kisingizio chema. "Nimeitumia kwa nauli ya huduma." "Nitarudisha kabla ya Jumapili."

Kwa hiyo usiutegemee moyo wako mzuri. Weka taratibu zitakazokulinda hata siku moyo ukiyumba. Sadaka isihesabiwe na mtu mmoja, hata kama mmoja huyo ni mchungaji. Kiasi kiandikwe pale pale na wote waliohesabu watie saini. Fedha ya kanisa isilale nyumbani kwako wala isipite kwenye akaunti yako binafsi. Usiikope hata kwa saa moja. Kila matumizi yawe na risiti, na pasipo na risiti andika siku, kiasi na jina la aliyepokea.

Ukiona taratibu hizi zinakutukana, mtazame Paulo. Alipokuwa akikusanya mchango wa watakatifu hakuubeba peke yake. Tito alitumwa pamoja na ndugu wengine waliosifiwa makanisani, na sababu inatolewa katika 2 Wakorintho 8:20-21: mtu asije akawalaumu, na mambo yawe mema si mbele za Bwana tu, bali na mbele za wanadamu. Mtume alikubali kukaguliwa. Yuda Iskariote, mwanafunzi aliyemsaliti Yesu, kwa upande wake alikuwa na mfuko wa fedha, na Yohana 12:6 inaeleza alivyokuwa akivichukua vilivyotiwa humo.

Kanuni hiyo hiyo ya kukubali kuonekana itumike kwa watoto. Anayefundisha watoto asikae na mtoto peke yake mahali pa faragha, wawepo watu wazima wawili, mlango uwe wazi. Mtumishi mwema hakasiriki akiambiwa hivyo. Anayekasirika asipewe watoto.

Hatua ya 5: Fuga ulimi

Ukianza kutumika watu wataanza kukuambia mambo. Hapo ndipo sifa yako itakapojengeka au kubomoka. Kanuni ya kwanza: ulichoambiwa kwa siri hakigeuki kuwa ombi la maombi mbele ya kikundi. "Tumwombee dada fulani, ndoa yake inapita pagumu" ni umbea uliofumba macho. Iko siri moja isiyotunzwa: mtu akiwa hatarini, hasa mtoto, peleka habari kwa anayeweza kumlinda, na umwambie aliyekueleza kwamba huwezi kunyamaza.

Kanuni ya pili ni kukosoa kwa faragha. Apolo alikuwa msemaji hodari, mwenye nguvu katika Maandiko, lakini alijua ubatizo wa Yohana tu. Priskila na Akila walimsikia akinena katika sinagogi. Hawakumkatiza, wala hawakusubiri ibada iishe waanze kumjadili na wengine. Matendo 18:26 inasema walimchukua kwao wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Kanisa likabaki na mhubiri.

Na ya tatu: kataa mabishano. Mtumwa wa Bwana, kwa 2 Timotheo 2:24-25, si mgomvi. Ni mwanana kwa watu wote, mvumilivu, anayewaonya kwa upole wanaoshindana naye. Zoezi la wiki moja: ukitumiwa ujumbe wa kuudhi kwenye kundi la kanisa, usiujibu siku hiyo. Kesho yake mpigie aliyeuandika. Utashangaa ni mijadala mingapi inakufa kwa simu ya dakika nne.

Hatua ya 6: Jifunze kuwa wa pili

Barua ya tatu ya Yohana ni fupi sana, lakini ina watu wawili wanaotazamana. Diotrefe "apendaye kuwa wa kwanza": hawapokei ndugu, na wanaotaka kuwapokea anawafukuza kanisani. Mistari michache mbele yuko Demetrio, aliyeshuhudiwa na watu wote. Hatuambiwi kama Diotrefe alifundisha uongo. Tatizo lake linalotajwa ni nafasi.

Kujijua ni Diotrefe au la, usijiulize kama wewe ni mnyenyekevu, maana sote tutajibu vizuri. Jiulize mambo haya: jina langu likisahaulika kwenye shukrani, nalala usingizi? Mwenzangu akifanya kazi yangu vizuri kuliko mimi, nasema hadharani? Nikiambiwa niiache kazi hii mwezi ujao, nitabaki kanisani?

Tangu mwezi wa kwanza wa huduma yoyote, fundisha mtu wa kushika nafasi yako. Mpe ufunguo, daftari, orodha ya majina, kila kitu. Katika Hesabu 8:24-26 Walawi, kabila lililotengwa kwa utumishi wa ibada, walianza kazi ya hema ya kukutania wakiwa na miaka 25, na walipofika 50 waliiacha kazi hiyo, ila waliendelea kuwasaidia ndugu zao kulinda. Kustaafu kuliandikwa ndani ya utumishi wenyewe. Siku hizi tuna watu walioshika kamati moja miaka mingi, na wakiulizwa wanasema hakuna wa kuwarithi. Sasa nani alipaswa kumwandaa?

Hatua ya 7: Kula na lala

Nazungumzia chakula cha aina zote mbili. Pangia muda kusoma Neno kwa ajili yako, si kwa kutafuta somo la Jumapili. Ukiona kila mstari unaousoma unaugeuza mahubiri kwa wengine, wewe mwenyewe una njaa. Nabii Eliya alipokata tamaa chini ya mretemu, mti wa jangwani, katika 1 Wafalme 19, hakuhubiriwa kwanza: alilala, malaika akamgusa, akala, akalala tena, akala tena. Yesu naye aliwaambia wanafunzi waliotoka kazini waende faraghani wapumzike kidogo (Marko 6:31). Chagua siku moja ya juma isiyo na kazi ya kanisa, na ahadi ya kazi ya pili usiitoe kabla hujaikamilisha ya kwanza.

Hatua ya 8: Sasa uliza karama

Sasa swali lile la mwanzo limepata wakati wake. Warumi 12:6-8 inataja unabii, huduma, kufundisha, kuonya, kukirimu, kusimamia na kurehemu. Kutoka 31 inamtaja Bezaleli, aliyejazwa Roho ya Mungu kwa ajili ya kazi ya dhahabu, fedha, shaba, vito na mbao. Fundi. Kwa hiyo usijifunge kwenye madhabahu na kipaza sauti. Anayejua mahesabu, umeme, kupika kwa watu wengi, kukaa na mgonjwa usiku au kumsikiliza mzee anayerudia hadithi ile ile, ana mahali.

Jaribu kazi tatu tofauti ndani ya mwaka. Baada ya kila moja jiulize kama watu walijengwa, kisha waulize wenzako kama nao wameona hivyo. Furaha yako ni ishara nzuri, ila isihukumu peke yake. Wapo tunaofurahia kuimba kuliko wanaotusikiliza.

Ukiangusha kazi

Huenda siku moja ukaiacha katikati, kwa woga, uchovu au kwa kosa lililo wazi. Marko alifanya hivyo. Matendo 13:13 inasema kwa ufupi kwamba Paulo na wenzake walipofika Perge ya Pamfilia, Yohana aliyeitwa Marko aliwaacha akarudi Yerusalemu. Sababu haitajwi. Baadaye Barnaba, mwenzake Paulo katika safari hiyo, akataka wamchukue tena, Paulo akakataa, na mashindano yakawa makali hata wakatengana: Barnaba akaondoka na Marko kwenda Kipro, Paulo akamchukua Sila.

Ukijikuta mahali pa Marko, fanya mambo manne. Nenda kwa uliowaacha, useme uliwaacha, bila kutafuta neno laini. Tafuta Barnaba mmoja atakayekubali kutembea nawe. Rudi kwenye hatua ya tatu, kazi ndogo yenye muda, hata kama zamani ulikuwa kiongozi. Na yule aliyekukataa usimchukie, usimsengenye, usikimbilie kanisa jingine kumwonyesha kwamba alikosea. Mwachie muda.

Kwa Marko muda huo ulikuwa wa miaka. Katika Wakolosai 4:10 Paulo anawaagiza wampokee akifika kwao. Kisha inakuja barua ya pili kwa Timotheo, Paulo akiwa kifungoni. Dema amemwacha, wengine wamesafiri, Luka peke yake ndiye yupo. Mzee anamwomba Timotheo afanye bidii kuja, na anataja anavyovitaka: joho aliloliacha kwa Karpo huko Troa, vitabu, hasa vile vya ngozi, na kabla ya hivyo vyote, Marko.